Nani Anaitwa Mwananchi? Kisa cha Herufi Moja ya Kichina

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufuata vitambaa, simu na vipuri vya magari wanaifahamu vizuri fedha ya Kichina. Wanajua kuihesabu, wanajua kuibadilisha, na wengine wanaitambua hata ya bandia kwa kuipapasa tu. Lakini sidhani kama ni wengi waliowahi kuuliza yale maandishi yaliyo juu ya noti yanasema nini. Ni herufi sita. Zinasomeka Zhongguo Renmin Yinhang, maana yake Benki ya Wananchi wa China. Na fedha yenyewe jina lake rasmi ni renminbi, yaani fedha ya wananchi.

Leo nataka tuzungumze juu ya herufi moja tu kati ya hizo sita, ile ya nne. Wachina huisoma min. Ni herufi ndogo. Mwandishi huimaliza kwa kuvuta kalamu mara tano. Maana yake ni watu. Lakini si watu kwa maana ya binadamu yeyote, bali watu kwa maana ya wale wanaotawaliwa: wananchi, raia, makabwela, akina yakhe. Herufi hii imeandikwa kwa miaka kama elfu tatu sasa, na katika muda huo imetumiwa na wafalme, wanamapinduzi, wakoloni na wanafunzi wa vyuo. Kila mmoja aliivuta upande wake. Kisa chake ni kisa cha swali ambalo hata sisi tunalijua: hivi huyo anayeitwa mwananchi ni nani hasa, na nani ana haki ya kusema kwamba huyu yumo na yule hayumo?

Kwanza tuelewane juu ya maandishi yenyewe. Herufi ya Kichina si kama A au B zetu, ambazo peke yake hazina maana. Herufi ya Kichina hubeba maana, kama tarakimu inavyobeba. Chukua tarakimu 5. Mswahili akiiona husema tano, Mwarabu husema khamsa, Mfaransa husema cinq. Sauti tatu, maana moja. Ndivyo ilivyo kwa herufi hii yetu. Mchina wa Beijing huisoma min, na wa Hong Kong huisoma man. Mkorea husema min. Mjapani naye ana njia mbili: husema min anapofuata sauti iliyotoka China, na husema tami anapotumia neno la kwao la asili. Mvietnam husema dân, neno ambalo Hanoi husikika kama zan. Kwa karne nyingi wasomi wa nchi hizo nne hawakuweza kuongea pamoja, lakini waliweza kukaa mezani, wakachukua kalamu ya brashi, wakaandikiana na kuelewana vizuri kabisa. Kwa hiyo herufi ikibadilika maana katika nchi moja, habari huvuka bahari.

Sasa turudi kwenye asili. Katika Makumbusho ya Taifa ya China mjini Beijing kuna chungu kikubwa cha shaba nyeusi kinachoitwa Da Yu Ding. Kina kimo cha mita moja na uzito wa zaidi ya kilo 150. Kilisubuliwa zama za ukoo wa Zhou, kiasi cha miaka elfu moja kabla ya Kristo. Kilifukuliwa mkoani Shaanxi katika karne ya 19. Na Wajapani walipoivamia China, familia moja ya Suzhou iliyokuwa ikikimiliki ilikifukia tena ardhini ili wasikichukue, kisha ikalikabidhi taifa mwaka 1951. Ndani ya chungu hicho kuna maandishi 291. Yanaeleza jinsi mfalme alivyompa ofisa wake aitwaye Yu madaraka na zawadi. Na kati ya zawadi hizo, pamoja na mavazi, gari na farasi, wamo watu. Wamehesabiwa kwa vichwa: kundi moja la watu 659 na jingine la 1,050. Herufi min nayo imo katika maandishi hayo hayo.

Na herufi hiyo ilivyochorwa wakati ule inashtua. Inaonekana kama jicho, na chini yake kitu chenye ncha kinachoingia ndani ya jicho hilo. Mwanazuoni Guo Moruo, alipokuwa uhamishoni Japani, alitoa maelezo yaliyowakosesha watu usingizi. Alisema kwamba zamani mateka wa vita walitobolewa jicho ili wasiweze kupigana wala kutoroka, kisha wakafanywa watumwa. Na kwamba mchoro huo ndio asili ya neno wananchi. Yaani mwananchi wa kwanza alikuwa mtumwa aliyepofushwa. Si wanazuoni wote waliokubaliana naye, na mjadala haujaisha mpaka leo. Lakini jicho lipo pale kwenye shaba, na mwiba wake upo.

Haya, tuseme maelezo ya Guo Moruo yana shaka. Tuwasikilize basi wazee wa kale wenyewe. Katika karne ya pili kabla ya Kristo alikuwapo mwanazuoni mkubwa wa serikali aitwaye Dong Zhongshu. Yeye aliilinganisha herufi hii na neno jingine linalofanana nayo kwa sauti, lenye maana ya kufumba macho. Alifundisha kwamba wananchi ni kama watu waliolala. Wana uwezo wa kuona, lakini hawajaamshwa. Na kazi ya kuwaamsha ni ya mfalme. Mwaka 100 baada ya Kristo, Xu Shen alipoandika kamusi kubwa ya kwanza ya herufi za Kichina, aliieleza min kwa neno linalohusu mimea inayochipua, na ambalo pia hubeba maana ya ujinga wa mtu ambaye hajafunguka. Unaona, ndugu msikilizaji? Mmoja anasema wamepofushwa, mwingine anasema wamelala, wa tatu anasema hawajachipua. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba wanaona.

Lakini ilikuwapo sauti moja tofauti, nayo ni ya zamani kuliko hizo za Dong na Xu. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, mwalimu aliyeitwa Mengzi alizunguka toka nchi hadi nchi akiwashauri watawala. Alifundisha kwamba katika nchi kitu chenye thamani ya kwanza ni wananchi, kinachofuata ni madhabahu za taifa, na mfalme ndiye wa mwisho. Tena alifundisha kwamba mfalme mdhalimu, akiondolewa hata kwa kuuawa, hakuuawa mfalme bali jambazi. Maneno hayo yaliingia katika vitabu ambavyo kila aliyetaka kazi ya serikali alipaswa kuvikariri. Ni jambo la ajabu kidogo: serikali ikawa inafanya mtihani kwa kitabu kinachosema serikali inaweza kupinduliwa.

Yuko mfalme mmoja aliyeliona tatizo hilo. Aliitwa Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa ukoo wa Ming, aliyetawala tangu 1368 mpaka 1398. Huyu hakuzaliwa katika jumba. Alikuwa mtoto wa mkulima fukara. Wazazi wake walikufa wakati wa njaa na maradhi, naye akaishi kwa kuombaomba akiwa mtawa. Kama yuko mfalme aliyejua maana ya herufi min kwa tumbo lake, basi ni huyo. Ungetegemea ampende Mengzi. La hasha! Alipokwisha kukaa kitini alikasirishwa na Mengzi kupita kiasi, na mwaka 1394 ilitolewa chapa mpya ya kitabu hicho iliyofyekwa vifungu 85. Kile kifungu cha wananchi kuwa wa kwanza na mfalme wa mwisho kilikuwa kati ya vilivyofyekwa. Wasomi wakaambiwa kwamba mitihani haitachukua maswali katika sehemu zilizotolewa. Waswahili tunasema, maskini akipata, matako hulia mbwata.

Kabla ya huyo alikuwapo mfalme mwingine ambaye kisa chake hakina ukatili, ila kinachekesha kidogo. Ni Li Shimin wa ukoo wa Tang, aliyetawala kati ya 626 na 649, na ambaye Wachina wengi humhesabu kuwa mmoja wa wafalme wao bora. Jina lake lenyewe lina herufi min ndani yake. Desturi ya China ilikatazia watu kuandika herufi za jina la mfalme. Li Shimin alilegeza: alisema mtu asiziandike tu herufi mbili za jina lake zikiwa zimefuatana. Lakini mara tu alipofariki, mwanawe akakaza. Wizara iliyoitwa Wizara ya Wananchi ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Kaya. Waandishi wakaanza kutumia herufi ya kawaida ya mtu badala ya min, au wakaiandika min huku wakiiachia mstari mmoja pungufu. Kwa hiyo kwa muda mrefu wananchi wa China hawakuweza kuandikwa kikamilifu, kwa sababu mfalme alilichukua jina lao. Japani, ambako amri hiyo haikufika, sheria ya mwaka 701 iliunda Wizara ya Wananchi na jina likabaki.

Sasa tuvuke kwenda Korea. Huko Wakorea walikuwa wakiandika kwa herufi za Kichina, ingawa lugha yao ni tofauti kabisa na Kichina. Kujifunza herufi hizo kulitaka miaka mingi na mtu wa kukulisha wakati unasoma. Mkulima hakuwa na hiyo miaka. Mwaka 1443 Mfalme Sejong alimaliza kutunga herufi mpya 28 za kuandika sauti za Kikorea, na mwaka 1446 akazitangaza rasmi. Akaziita Hunminjeongeum, yaani sauti sahihi za kuwafundishia wananchi. Hiyo silabi ya pili, min, ndiyo herufi yetu. Sejong alieleza kwamba watu wa kawaida wana mambo ya kusema lakini hawana njia ya kuyaandika, na kwamba jambo hilo linamhuzunisha.

Wakubwa walipinga. Mwaka 1444, kabla herufi hazijatangazwa, kundi la wasomi wa ikulu wakiongozwa na Choe Malli waliandika waraka wa kulalamika kwamba kuacha herufi za Kichina ni kujishusha na kuwa kama washenzi. Hofu yao ilikuwa na msingi, lakini si ule walioutaja. Mwaka 1504, wakati wa mfalme dhalimu Yeonsangun, matangazo ya kumsema vibaya yalibandikwa mjini, nayo yaliandikwa kwa herufi za wananchi. Yeonsangun akapiga marufuku kuzifundisha na kuzitumia. Hazikufa. Zilibaki kwa wanawake, watawa na wasimulizi wa hadithi, mpaka serikali ilipozikubali kuwa maandishi rasmi mwaka 1894. Miaka karibu 450 ilipita kati ya mfalme kuwapa wananchi kalamu na serikali kukubali kusoma walichoandika.

Ndugu msikilizaji, sasa tunafika kwenye karne ya 19, na hapa herufi yetu inapinduka kichwa chini miguu juu. Katika vitabu vya kale vya Kichina kulikuwa na neno minzhu. Zhu ni bwana, mmiliki, mkuu. Minzhu ya kale ilikuwa na maana ya bwana wa wananchi, yaani mfalme. Mwaka 1864 mmisionari wa Kimarekani aitwaye W. A. P. Martin, aliyekuwa Beijing, alichapisha tafsiri ya Kichina ya kitabu cha sheria za mataifa kilichoandikwa na Henry Wheaton. Ilibidi wapate namna ya kueleza nchi isiyo na mfalme, ambayo watu wake huchagua watawala. Wakatumia neno lile lile, minzhu. Herufi mbili zile zile, kwa mpangilio ule ule. Lakini sasa hazikusomwa bwana wa wananchi, bali wananchi ndio bwana. Hilo ndilo neno la demokrasia mpaka leo, kote Asia ya Mashariki: minzhu kwa Mchina, minshu kwa Mjapani, minju kwa Mkorea, dân chủ kwa Mvietnam. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni nani anakaa kwenye kiti.

Kitabu hicho kilifika Japani mwaka uliofuata na kikasomwa sana. Japani yenyewe ilikuwa karibu kuingia katika mageuzi yake makubwa ya 1868. Kiasi cha mwaka 1870 mtaalamu Mitsukuri Rinsho alipewa kazi ya kutafsiri sheria za Ufaransa. Alipofika kwenye haki za raia alitunga neno minken, haki za wananchi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wajumbe wa kamati walibishana vikali: hivi kusema wananchi wana haki ni kusema nini? Kwao lilikuwa kama kusema ng'ombe ana hati ya zizi. Lakini neno likatoka kwenye kamati likaenda mitaani. Mwaka 1874 Itagaki Taisuke na wenzake wakatoa madai ya kuundwa kwa bunge, na vuguvugu lililofuata likaitwa la uhuru na haki za wananchi.

Serikali ilijibu mwaka 1889 kwa kutoa katiba. Ilikuwa zawadi kutoka kwa mfalme, na ndani yake watu waliitwa shinmin. Hiyo min imo, lakini imetanguliwa na shin, herufi ya mtumishi wa mfalme. Wananchi watumishi. Hata mwaka 1916, Profesa Yoshino Sakuzo alipotaka kutetea serikali inayowajali watu, hakuthubutu kutumia neno la wananchi ndio bwana, kwa maana bwana alikuwa ni mfalme na kusema vinginevyo kulikuwa hatari. Alitumia neno minpon, lenye maana kwamba wananchi ndio msingi. Msingi, si bwana. Mtu mzima akicheza na maneno namna hiyo, ujue jela haiko mbali.

Wajapani waliposhindwa vita mwaka 1945, Wamarekani waliwaandikia rasimu ya katiba mpya, na rasimu hiyo ilizungumza juu ya watu. Hapo palitokea jambo ambalo halikuonwa na wengi wakati ule. Watafsiri wa serikali ya Japani waliliweka neno kokumin, maana yake wananchi wa taifa hili. Kifungu kilichotaka wageni nao walindwe na sheria kikaondolewa. Ndani ya Japani walikuwamo mamia ya maelfu ya Wakorea, na Wataiwani pia, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakiambiwa kwamba ni watumishi wa mfalme yule yule, wakapelekwa migodini na vitani kwa jina lake. Katiba ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Siku moja kabla, tarehe 2 Mei, ilitoka amri iliyowataka hao wajiandikishe kama wageni. Na mwaka 1952 wakapoteza uraia wa Japani kabisa. Wakati wa kubeba mizigo walikuwamo ndani ya herufi ile. Wakati wa kugawana haki, wakatolewa.

China nayo ilikuwa na safari yake. Dakta Sun Yat-sen na wenzake walipokuwa Tokyo mwaka 1905 walianzisha gazeti waliloliita Minbao, Gazeti la Wananchi. Siasa yake aliijenga juu ya nguzo tatu, na kila nguzo ilianza na herufi yetu: taifa la watu, madaraka ya watu, maisha ya watu. Ufalme ukaanguka, na mwaka 1912 ikatangazwa Jamhuri iliyoitwa Minguo, nchi ya wananchi. Huko Taiwani miaka bado inahesabiwa kutoka hapo. Mwaka 2024 kwao ulikuwa mwaka wa 113 wa nchi ya wananchi.

Mwaka 1949 wakaja Wakomunisti na jina jipya: Jamhuri ya Watu wa China. Hapa neno ni renmin, watu wananchi. Lakini sikiliza kwa makini. Mao Zedong, katika makala yake ya Juni mwaka huo, alieleza ni akina nani hasa waliomo katika neno hilo: wafanyakazi, wakulima, wafanyabiashara wadogo, na matajiri wazalendo. Septemba, Zhou Enlai akaliweka wazi zaidi: kuwa raia ni jambo moja, na kuwa mwananchi ni jambo jingine. Mwenye shamba kubwa aliyenyang'anywa ni raia, ana wajibu wa raia, lakini si mmoja wa wananchi mpaka atakapobadilika. Ni wazi hatari iko wapi. Mlango ukishakuwa na bawabu, hakuna anayejua zamu yake ya kutolewa itafika lini. Liu Shaoqi alikuwa Rais wa Jamhuri hiyo. Mwaka 1968 alivuliwa kila kitu, akaitwa msaliti, na mwaka 1969 akafa akiwa kizuizini.

Jina hilo la Jamhuri ya Watu lilisafiri mbali, hata likafika kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, mpaka ilipoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Ilikuwa ni zaidi kidogo tu ya miezi mitatu, lakini wazee wa Unguja wanaikumbuka.

Korea iligawanywa, na herufi nayo ikagawanywa. Mwaka 1948 Kaskazini ilijiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu, na Kusini ikajiita Daehan Minguk, nchi ya wananchi wa Kikorea. Profesa Yu Jin-o, aliyeandaa rasimu ya katiba ya Kusini, alikuwa ametumia neno inmin, watu. Wabunge wakalikataa wakisema hilo ni neno la Wakomunisti, likawekwa jingine, gungmin, watu wa taifa. Yu alisikitika kwamba neno zuri limetupwa kwa sababu tu jirani analitumia. Na hilo gungmin nalo lilikuwa na doa. Wakati wa ukoloni, mwaka 1941, Wajapani walizipa shule za msingi jina lenye neno hilo hilo, kwa lengo la kuwafinyanga watoto wawe watumishi wa mfalme. Jina la shule lilibaki miaka hamsini baada ya ukoloni kuondoka, na lilifutwa rasmi tarehe 1 Machi 1996.

Vijana wa Korea Kusini walitafuta neno jao wenyewe. Wakachukua minjung, umati wa wananchi: wafanyakazi wa viwandani, wakulima, wanafunzi, watu ambao serikali za kijeshi ziliwasemea bila kuwauliza. Jeshi liliwapiga risasi watu wa Gwangju mwezi Mei 1980. Hawakunyamaza. Juni 1987 walijaa mitaani nchi nzima, na utawala ukakubali watu wamchague rais wenyewe. Siku hizi vijana wa huko huiandika min kwa herufi za Sejong, na wengi wao wakiiona ile ya Kichina hawawezi kuichora. Lakini wanajua ina maana gani, kwa sababu wazazi wao waliilipia.

Vietnam nako herufi imepotea na neno limebaki. Wafaransa walifuta mitihani ya kale ya herufi za Kichina, ya mwisho ikafanyika Hue mwaka 1919, na maandishi ya Kilatini yakaenea. Ho Chi Minh alipotangaza uhuru tarehe 2 Septemba 1945 hakuyarudisha ya kale. Siku sita tu baadaye serikali yake ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga kwa hayo ya Kilatini, kwa sababu mkulima aliweza kuyajifunza kwa miezi michache. Mvietnam wa leo akiingia katika hekalu la mababu zake haelewi yaliyochongwa mlangoni. Lakini neno dân analitamka kila siku.

Nirudi Beijing nimalizie. Mwaka 1989 wanafunzi walikaa katika uwanja wa Tiananmen wiki nyingi wakidai minzhu. Walisimamisha sanamu nyeupe ya mwanamke wakaiita mungu wa kike wa demokrasia. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni jeshi liliingia mjini na kufyatua risasi. Jina la jeshi hilo ni Jeshi la Ukombozi wa Wananchi. Kwa hiyo usiku ule herufi min ilikuwa kwenye mabango ya waliopigwa, na ilikuwa pia katika jina la waliokuwa wakipiga.

Ndugu msikilizaji, tusiwacheke Wachina. Sisi nasi tuna neno raia. Tunalitumia kwa fahari, tunaliandika katika hati za kusafiria. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kundi la mifugo linalochungwa malishoni, kisha likawa na maana ya watu walio chini ya mtawala. Leo kwetu raia ni mtu mwenye haki zake, anayepiga kura na kuhoji. Neno limepanda cheo, kama min ilivyopanda kutoka jicho lililotobolewa mpaka kuitwa bwana.

Lakini cheo cha neno si lazima kiwe cha mtu. Noti ile ya Kichina imeandikwa jina la wananchi, na mwenye nyingi ni tajiri na asiye nazo ni fukara, kama kwingineko. Nchi zinazoitwa za watu ziko, benki za watu ziko, majeshi ya watu yako, hata hapa kwetu hatukosi vitu vinavyobeba jina hilo. Siku nyingine ukiona mahali pameandikwa kwamba hiki ni cha wananchi, usiishie kusoma. Gonga mlango, uone kama utafunguliwa.